Majina Aliyoandika Norbert

Malori matatu ya jeshi yaliteremka kutoka Fizi asubuhi ya Jumatatu moja, mwaka 1956, wakati pamba ilipoanza kupasuka mashambani, na mtu wa kwanza kuyatilia shaka katika mji mzima wa Baraka, kando ya ziwa, alikuwa mtu aliyewahi kuvaa sare ileile.

Jina lake Norbert. Alikuwa ameinama kisimani kwa Mama Florentine, anakagua kama mfuniko umekaa sawa, aliposikia injini kabla ya kuona vumbi. Akainuka. Lori la kwanza askari, la pili askari, la tatu limefungwa turubai mpaka chini. Nyuma yao jeep ya Administrateur, mzungu mtawala wa wilaya, na nyuma ya hiyo jeep nyingine ndogo iliyobeba mzungu mmoja mwenye kaki isiyo na cheo chochote begani. Mzungu yule hakutazama ziwa, ambalo kila mgeni hulitazama kwanza. Alitazama nyumba, moja baada ya nyingine.

"Bale banakuya kufanya nini, Baba Godelieve?" Mama Florentine alimuuliza, akimwita kwa jina la binti yake.

"Sijui, mama."

Hilo la kutojua ndilo lililomkaa rohoni. Norbert alikuwa mtu wa serikali, ingawa wa chini kabisa, na jambo lolote lililogusa mji aliletewa barua siku mbili tatu mapema. Safari hii hapakuwa na barua.

Alizaliwa milimani juu ya Baraka, Mbembe kwa baba na kwa mama. Alisoma kwa mapadri miaka minne, na mwaka 1939 chifu alipotakiwa kutoa vijana wa jeshi, alitolewa yeye, kwa sababu alikuwa mrefu na baba yake hakuwa na mtu wa kumtetea. Jeshini walimpa machela badala ya bunduki. Alibeba majeruhi na maiti Abisinia mpaka Saio, na pale Saio, vita vilipokwisha, yeye na wenzake wanne ndio waliochimba makaburi. Alirudi nyumbani na blanketi, karatasi ya sifa na kikohozi. Kwa kuwa alijua kufunga vidonda, wakamfundisha miezi sita, wakampa kofia, baiskeli na kazi ya kukagua vyoo, visima na panya, na kuchanja watu. Kwa Kifaransa cheo chake kilikuwa kirefu. Watu wa Baraka walimwita Muganga wa Choo, na yeye hakuchukia.

Alichojua ni kwamba kazi ile yote ilitegemea kufunguliwa mlango. Miaka kumi aliingia nyumba za Wakristo na nyumba za Waislamu wa pwani, akakaribishwa, akaonyeshwa watoto wenye vidonda na wazee wasioweza kuinuka. Hakuna aliyeogopa daftari lake, maana ndani yake mlikuwa na mashimo na mifuniko tu.

Saa nne aliitwa ofisini. Administrateur alisimama barazani akawaeleza wote pamoja: chifu, Norbert, luteni kijana wa Kibelgiji aliyeungua pua kwa jua, na sajenti wake, mtu mfupi mwenye mabega mapana aitwaye Albert, mzaliwa wa mkoa wa Équateur. Ndui, alisema, imelipuka ng'ambo ya ziwa. Mtumbwi mmoja umefika rasi ya Ubwari na wagonjwa wawili. Ikiingia barabara ya Mboko itafika Uvira kabla ya wiki kwisha.

"Nchi hailindwi na bunduki peke yake," alisema. "Askari watafunga ufuko na daraja la mto Mutambala. Norbert atachanja watu wote na kuandika majina yao. Chifu ataita watu wake. Kila mtu na kazi yake, na kazi zote ni moja."

Mzungu wa kaki alikuwa amekaa nyuma, kwenye kiti cha karani, akifuta miwani yake. Hakutajwa jina wala ofisi. Pembeni yake alisimama kijana nadhifu aliyekuja naye, karani aitwaye Fabien, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Bwana," Norbert aliuliza, "hayo majina yatakwenda wapi?"

Administrateur alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Kwenye kitabu cha afya. Yaende wapi tena?"

Norbert aliona mzungu wa kaki ameacha kufuta miwani.

*

Mchana huo nusu ya mji ilikuwa imepanda milimani. Waliobaki walifunga milango. Uvumi ulikuwa wa kila aina: kwamba askari wanatafuta vijana wa kupeleka migodini, kwamba sindano ni ya kuwafanya wanawake wasizae, kwamba ndui ni jina tu la kitu kingine. Norbert alizunguka na baiskeli yake akigonga milango ambayo miaka kumi haikuhitaji kugongwa.

Mke wake Félicité alimngoja nyumbani na maneno yake tayari. "We ungali unafikiri bale basoda ni bandugu yako?"

"Mi sifikiri hivyo. Lakini ndui ni kweli, Mama Godelieve. Niliona ndui. Mutu anaoza akiwa angali anasema."

"Na ule muzungu wa nyuma, yeye anatafuta ndui?"

Alichofanya Norbert, kesho yake sokoni, ni kumkalisha Félicité kwenye kiti mbele ya watu wote, akamkwaruza begani kwa kisu kidogo cha chanjo, akatia dawa, kisha akajikwaruza mwenyewe. Akainua daftari juu.

"Hiki kitabu ni cha ndui," alisema kwa sauti. "Jina lako, nyumba yako, na kama ulisafiri wiki hizi sita. Basi. Mi naapa."

Félicité, akiwa bado ameshika bega, alimwambia polepole, "Usiape juu ya kitu haiko yako."

Lakini watu walimwamini. Walianza wazee, wakafuata akina mama na watoto, na siku ya tatu wale wa milimani wakaanza kushuka. Walisimama mstari mrefu kupita ghala la pamba. Alikuja Useni, mvuvi Mwislamu wa pwani, na mkewe Hawa na watoto wanne. Norbert alimuuliza kama alisafiri.

"Nilienda Kigoma mara mbili," Useni alisema bila kusita. "Dada yangu Siti anakaa kule, alizaa."

Norbert akaandika: Useni, mvuvi, Kigoma mara mbili. Akamkwaruza, wakataniana kidogo juu ya choo cha Useni kilichobomoka, na Useni akaenda zake.

Kila jioni, jua likiwa bado juu ya milima, Fabien alikuja kuchukua daftari akanakili majina kwa ajili ya ofisi. Kila asubuhi alilirudisha. Na kila asubuhi, kabla kazi haijaanza, sajenti Albert alilipitia pia, akipeleka kidole chake kinene kutoka mstari hadi mstari, akiuliza, "Iko bageni ngapi? Nani alitoka mbali?" Mfukoni mwa shati lake palichomoza penseli nyekundu.

Siku ya tano Norbert aliona alama. Zilikuwa misalaba midogo, myekundu, pembeni mwa majina. Alihesabu tisa. Mwanzoni alidhani ni watu wenye homa, akafuatilia. Hakuna aliyekuwa na homa. Msalaba mmoja ulikuwa kwa Isidore, katekista wa zamani aliyegombana na mapadri akaacha kanisa. Mwingine kwa mwanamke ambaye kaka yake alihamishwa kwa nguvu kwa sababu ya Kitawala, ile dini iliyokatazwa. Mwingine kwa Useni.

Norbert alifunga daftari. Akamtazama Albert, aliyekuwa amesimama darajani na mikono nyuma, penseli mfukoni, na tangu siku hiyo hakumjibu tena zaidi ya neno moja.

*

Émilienne alimkuta kisimani kwa Mama Florentine Jumapili baada ya misa. Norbert alimjua kwa sura tu: mwanamke wa kijana mmoja seremala aitwaye Jacques, waliokaa mbali, juu ya Mutambala, pembeni mwa mashamba ya pamba. Hawakuwa wameonekana kwenye mstari. Alikuja na ndoo, lakini hakuiteremsha kisimani.

"Muganga, mutoto wangu Marie iko na moto siku ine. Leo natoka naona vipele ku uso na ku mikono."

"Juu ya nini hamukuya?"

Mwanamke alitazama barabarani kwanza. "Bwana yangu haitwaki Jacques. Alitoroka kule Kusini, kwenye bale bantu ba Kitawala banafungiwaka. Kama utaandika, mutoto atapona na baba yake atapotea."

Norbert alijiuliza hata kama huyu mwanamke ametumwa. Siku saba tu, na tayari alikuwa ameanza kushuku watu wenye ndoo.

"Twende," alisema mwishowe.

Ilikuwa ndui kweli. Marie, wa miaka minne, alilala kwenye mkeka, vipele vimejaa uso na viganja vya mikono, na harufu ile aliyoikumbuka Norbert kutoka vitani ilikuwa tayari ndani ya nyumba. Jacques alisimama mlangoni na randa mkononi. Alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri kwa miaka.

"Utaniuza?" aliuliza.

"Nataka kujua nani aliingia humu tangu mutoto alishikwa na moto. Wote. Bale ndio wanaweza kufa sasa, na kuua wengine."

Jacques alitazamana na mkewe. Norbert alielewa kabla hajajibiwa. Watu walioingia humu ni watu waliokuja kusali. Kuwataja kwa ajili ya ndui ilikuwa sawa na kuwataja kwa ajili ya gereza.

"Ni kumi na moja," Jacques alisema.

"Baite. Bakuye mmoja mmoja, kupitia njia ya nyuma, kabla ya jua kushuka."

Walikuja. Wawili kati yao Norbert aliwajua vizuri, alikunywa nao pombe Krismasi. Hakuna aliyemtazama usoni. Aliwachanja wote kumi na mmoja, na Jacques, na Émilienne. Kumi na watatu. Hapo ndipo ugumu ulipokuja: kila dozi iliyotoka kwenye kopo lake ilitakiwa iwe na jina daftarini, maana luteni alikagua vichupa mwenyewe. Na lazima aripoti mtoto, kwa sababu nyumba ile ilibidi itengwe. Asiporipoti, Baraka ingezika watu.

Alikaa juu ya kisiki nje ya nyumba, daftari magotini, kalamu haiandiki. Alijaribu kutunga majina, lakini kila aliloliwaza lilikuwa la mtu anayeishi, na mtu anayeishi angeweza kutafutwa. Kisha mkono ukaanza kuandika wenyewe. Zuberi. Jérôme. Lazaro. Aliandika wafu wa Saio, wale ambao majina yao yangeweza kupita pwani ya ziwa bila kushangaza mtu. Aliandika kumi na watatu, na hakutulia kufikiri, akawaandika kwa mpangilio aliowajua, kama walivyolala. Kwa mtoto aliandika: msichana, miaka minne, ndui, nyumba ya Zuberi, seremala.

Jioni hiyo Norbert alimweleza Félicité yote.

"Sasa njo umefanya kitu ya maana," alisema. Halafu akaongeza, "Na sasa njo tunaweza kufungwa."

*

Albert alikuja asubuhi nyumbani kwake, peke yake, daftari kwapani. Norbert alikuwa ananyoa. Félicité aliingia ndani haraka, na Norbert alisikia komeo la dirisha.

Sajenti alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akafungua ukurasa, akaweka kidole juu ya jina la kwanza.

"Huyu Zuberi," alisema na Kiswahili chake chenye Lingala nyuma yake, "alipigwaka risasi ku shingo. Huyu Jérôme alikufa na kuhara. Lazaro sikumujua muzuri." Akashusha kidole hadi chini. "Mi nilikuwa compagnie ya pili, ndeko, ndugu yangu. Nilisimama ku makaburi saluti ilipopigwa. Padri alibasoma vile vile, mustari moja, kuanzia ku mti."

Wembe ulikuwa bado mkononi mwa Norbert. Povu lilianza kukauka shavuni. Aliwaza Godelieve wake, anayesoma kwa masista Uvira, nani atamwambia.

"Mutoto mugonjwa, iko kweli?" Albert aliuliza.

"Iko kweli."

"Bale kumi na tatu, umebachanja kweli?"

"Nimebachanja."

"Banatoka inje, ao banakaa?"

"Nimebaambia bakae manyumbani kwao. Sijui kama watasikia. Bo hawana imani na mi."

"Na we hauna imani na mi."

Norbert alifuta povu. Hasira ya wiki nzima ilimpanda. "Misalaba myekundu ni ya nani, sajenti? Iko penseli ku mufuko yako."

Albert alitoa penseli, akaitazama kana kwamba anaiona mara ya kwanza. Akafungua mkoba wake, akamwonyesha karatasi: ramani ya Baraka aliyochora mwenyewe, vibaya, nyumba kama visanduku, na mistari myekundu ya njia zote zinazoshuka ufukoni.

"Mi nafunga njia," alisema. "Njo kazi nilipewa. Nauliza bageni juu ndui inatembea na bageni. Kitabu yako inalalaka wapi? Kwa mi? Inalalaka ku meza ya ule muzungu. Ule muchunga kalamu, Fabien, njo anaweka misalaba, na penseli yangu mwenyewe aliniomba, akarudisha fupi."

Norbert hakujua aamini au la. Ndiyo shida ya siku zile: hata maneno yaliyofanana na ukweli yalikuwa na harufu ya mtego.

"Utafanya nini?" aliuliza.

Albert alisimama. "Ndui iko ile nyumba. Nitaweka basoda bawili. Hakuna mutu wa kuingia, hakuna wa kutoka, mpaka mutoto magamba yaanguke. Hata muzungu. Luteni mwenyewe alisema, amri ya ugonjwa haina mukubwa."

Alipoondoka, Félicité alitoka nje. "Anabalinda, ao anabafungia zizini?"

"Sijui," Norbert alisema. Na kwa wiki tatu hakujua.

Kila siku alipita kwenye kizuizi, akaonyesha kovu la bega lake, akaenda kumwosha Marie na maji ya chumvi na kumpaka dawa. Askari wawili walikaa chini ya turubai, mmoja mbele, mmoja kwenye njia ya nyuma. Jacques aliwaona kupitia ufa wa ukuta, na kila siku alimuuliza Norbert swali lilelile: watakuja lini? Alitengeneza viti, kisha meza, kisha, mbao zilipokwisha, alikaa tu akishika misumari.

Siku ya saba ya kizuizi Fabien alikuja na mzungu wa kaki mpaka kwenye kizuizi. Norbert alikuwa ndani na akasikia yote. Mzungu alisema Kifaransa cha chini, cha upole. Askari alijibu kwamba hapana. Mzungu akasema tena. Ndipo sauti ya Albert ikatoka upande wa mashamba, nayo kwa Kifaransa, kifupi cha jeshi: ndui, Bwana, amri ya luteni, tafadhali rudi nyuma hatua kumi. Viatu vikarudi barabarani.

Jacques alikuwa amebana mgongo ukutani. Alimtazama Norbert na kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu.

Marie alipona. Uso wake ulibaki na mashimo na jicho la kushoto lilififia, lakini alipona, akaomba samaki wadogo wa ndagala na ugali. Kati ya wale kumi na mmoja, mmoja alipata homa ndogo, ikapita. Huko Ubwari walikufa wanne. Baraka alikufa mzee mmoja tu wa ufukoni, ambaye alikataa chanjo mpaka mwisho. Barabara ya Mboko haikuguswa. Jambo hilo Norbert alilisema mara nyingi baadaye, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu watu hawakupenda kulisikia.

*

Kizuizi kiliondolewa siku ya Alhamisi. Amri ilikuwa kwamba askari waondoke saa mbili asubuhi. Norbert alipopanda Mutambala saa moja, alikuta yule wa mbele bado amesimama kama sanamu. Yule wa njia ya nyuma hakuwepo. Turubai lake limekunjwa, moto umemwagiwa maji, majivu bado yanafuka. Nyumba ilikuwa tupu. Viti vitatu na meza vilipangwa vizuri katikati ya chumba.

Saa mbili na robo jeep ndogo ilifika. Mzungu wa kaki aliingia, akatoka, akaangusha teke kiti kimoja. Fabien alimuuliza Norbert, "Zuberi yuko wapi?"

"Amekufa," Norbert alisema, na hakuweza kujizuia. "Muulize sajenti, alimzika."

Fabien alidhani ni ndui. Aliruka nyuma, akafuta mikono yake kwenye suruali.

Lakini jeep haikurudi Fizi tupu. Iliposhuka mjini ilisimama ufukoni, Useni akiwa anaanika nyavu. Walimtaka aeleze safari mbili za Kigoma, barua gani alibeba na za nani. Useni aliwaambia juu ya dada yake na mtoto wa dada yake. Walimpandisha. Hawa alikimbia nyuma ya gari hadi ghala la pamba, kitenge kimemwanguka, na Norbert alikuwa amesimama pale pale na baiskeli, na Hawa alipogeuka macho yao yakakutana.

"Ni wewe!" Hawa alipiga kelele. "Kitabu yako! Uliapa!"

Norbert alikwenda mbio kwa Administrateur. Alingojeshwa barazani hadi saa sita. Aliambiwa kwamba jambo hilo si la afya, kwamba kila mtu na kazi yake. Barua ya pongezi kwa ajili yake, waliongeza, tayari inachapwa.

Malori yaliondoka alasiri. Albert alikuwa mbele, karibu na dereva. Norbert alisogea dirishani.

"Bale ba Mutambala," alisema chini, "nashukuru."

Albert hakugeuza kichwa. "Sijui unasema ba nani. Mi nilifunga njia, nikafungua." Halafu, lori likianza kutetemeka, akasema, "Ule muvuvi. Ulimwandika kabla sijajua kitabu inafanya kazi gani. Singeweza kumuokoa."

Useni alikaa miezi kumi na minne asikojulikana. Katika miezi hiyo Hawa hakumwamkia Norbert, na nyumba nyingi za pwani zikafuata. Mlango ulipofunguliwa ulifunguliwa nusu. Wanawake walimweleza hali ya vyoo kutoka kizingitini. Hata wale kumi na mmoja walimpita njiani kama hawamjui, na yeye alielewa, maana kumjua kungeleta maswali. Hakuweza kumwambia mtu hata mmoja alichofanya Mutambala. Félicité tu alijua, na mara nyingine, wakila, alimwekea samaki mkubwa bila kusema neno.

Useni alirudi mwishoni mwa mwaka 1957, amekonda, meno mawili hayapo. Wiki ya kwanza alikuja mwenyewe kwa Norbert, akakaa chini.

"Ule mustari wangu, ni we uliandika?"

"Njo mi."

"Uliandika bile nilisema?"

"Bile ulisema. Sikuongeza."

Useni alitikisa kichwa muda mrefu. "Basi," alisema. "Nilisema kweli." Akaomba maji, akanywa, akaondoka. Hakuonekana na kinyongo, na hilo lilimuumiza Norbert kuliko kelele za Hawa.

Mwaka uliofuata chanjo ilikuja tena, safari hii bila askari. Norbert aliweka kiti na meza sokoni, akafungua daftari jipya. Watu walikuja, wengi kuliko alivyotegemea, mabega wazi. Ndui walikuwa wameielewa. Hawa alikuwa kwenye mstari na watoto wake wanne.

"Jina, mama?" Norbert aliuliza, kama sheria ilivyotaka.

Hawa alimtazama moja kwa moja. "Florentine," alisema. "Na haba batoto ni Petro, Paulo, Luka na Yohana. Hatukusafiri hata siku moja."

Nyuma yake watu walikuwa wakisikiliza. Kila mtu mstarini alikuwa na jina lake la kubuni tayari.

Norbert alichovya kalamu, akaandika Florentine, akaandika Petro, Paulo, Luka, Yohana. Kisha akamshika mtoto wa kwanza mkono, taratibu, akamwambia asiangalie.